Mkojo Uliopimwa na Mkwe

Niliacha shule darasa la nne na sioni aibu kusema hivyo, maana wale niliowaacha darasani walikuja baadaye kuniomba kazi. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na malori mawili ya kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, na nyumba ya matofali Migori ambayo watu walikuwa wakionyeshana. Hakuna aliyenisaidia. Haya ninayoandika hapa siyaandiki kwa furaha.

Mke wangu alianza kuumwa akikojoa. Alisema inachoma kama pilipili. Sokoni alikuwa anaacha karai la omena kila mara na kukimbilia choo, na wenzake wakamcheka: "Huyu amemeza ziwa." Nikasema mke wa mtu kama mimi hawezi kuteseka. Nikampeleka kituo cha afya, kwa sababu pale nilikuwa na mtu wangu. Aliyepima damu na mkojo alikuwa mume wa binti yetu mkubwa, kijana niliyempigania mwenyewe mpaka akaandikwa. Mke wangu alisindikizwa na rafiki yake wa sokoni.

Mlangoni mke wangu akasimama.

"Mzee, huyo ni mkwe wangu."

"Ndiyo maana hatupangi laini."

"Mkojo wangu ushikwe na mkwe? Nipeleke hospitali ya Homa Bay, nipimwe na watu nisiowajua."

Kwetu Wajaluo mama mkwe na mkwe hawapeani hata mkono, wala hawali meza moja. Nilijua hayo yote. Lakini nilikuwa nimeshawatangazia waliokuwa kwenye foleni kwamba mle ndani ni kwangu.

"Acha ushamba," nikamwambia, watu wakisikia. "Ni maji tu hayo."

Alichukua chupa, akazunguka nyuma kwenye choo na yule rafiki yake. Chupa ikarudi imefunikwa na leso. Mkwe akatumbukiza kijiti chake, akachungulia kwenye darubini, akanipa karatasi bila kuinua macho.

"Baba, hakuna kitu. Mkojo ni safi kabisa."

Mwaka mzima karatasi ile ilikuwa jibu langu. Akilalamika, namwambia, "Si ulipimwa?" Wageni wakija, akiinuka mara ya tatu, nasema anakagua choo changu cha vigae. Walicheka, na yeye alicheka pamoja nao.

Halafu homa ikamshika, akatetemeka, kiuno kikamuuma mpaka akashindwa kusimama. Nikamkimbiza Homa Bay. Huko nesi wa kike alimfundisha kujisafisha kwanza, aache mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati. Hakubishana naye hata kidogo. Kijiti kikabadilika rangi. Usaha, damu.

"Huyu mama ameumwa muda mrefu," daktari akasema. "Hakuwahi kupimwa?"

"Alipimwa," nikajibu kwa sauti, "tena na mkwe wangu mwenyewe. Mkojo ulikuwa safi."

Mke wangu alikuwa amegeukia ukutani.

"Ule ulikuwa wa rafiki yangu," akasema.

Daktari hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Figo moja ilikuwa imekwisha, na ya pili haikuwa nzima.

Tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini alinyamaza mwaka mzima.

"Ningesema nini, na wewe ulikuwa umefurahi hivyo?"

Nimejibishana na maaskari wa barabarani, machifu na wafanyabiashara wa Tanzania. Pale niliinuka nikaenda kulipa bili.

Siku ya tatu mkwe akaja na mkate na machungwa. Hakuingia, maana hawezi kumwona mama mkwe amelala. Alisimama barazani, kofia mkononi.

"Baba, nimejiuliza sana. Ile siku nilikosea wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini kulitoa ni kumwambia kwamba mama mkwe wake aliniomba, na mimi nikamzomea mbele ya foleni. Nikamwambia kazi zao za vijiti ni za kubahatisha tu, asijisumbue. Aliniamini, kama watu wengi wanavyoniamini.

Mwaka haukuisha, akaacha maabara. Sasa ananunua samaki wa mbuta kule kisiwani Remba, na binti yangu husema hataki hata kuulizwa habari za kazi ile. Mke wangu akiumwa siku hizi hupanda gari la Homa Bay peke yake, nami huambiwa na majirani.

Mkwe wangu anajua kusoma kunishinda. Akiyaona haya, ajue alipima sawasawa.