Ndege ya Njano Tusiyoiona

Sisi wa Ugweno tulizoea kuzitazama ndege za vita kwa juu. Watu wa kwingine wanainua shingo, sisi tuliinama. Ukisimama ukingoni, pale Shighatini, nchi tambarare ya Kileo imelala chini yako yote, na ndege zilizofuata reli kutoka Same kwenda Moshi zilipita chini ya nyayo zetu, migongo yao ikimeta kama mijusi.

Nilizipenda mno. Kwenye baraza ya mfumwa, mtawala wetu, serikali ilikuwa imebandika karatasi kubwa yenye vivuli vyeusi vya ndege, kila kimoja na jina lake chini. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini baba aliponituma pale sikukosa kusimama na kusoma: Harikeni. Blenimu. Taiga Mothi. Huyo wa mwisho ndiye aliyeniteka. Ana mabawa juu na mabawa chini, na rubani wake amekaa wazi, kichwa nje, kama mtu aliye ndani ya pipa. Nilikuwa nikichochea makande huku naruka naye, mpaka makande yanashika sufuria na mama anapiga kelele, "Mwanangu, utatulisha hizo ndege zako?"

Asubuhi ile, siku ya gulio, nilikwenda ukingoni kukata majani ya ng'ombe. Ulikuwa msimu wa baridi na ukungu ulikuwa ukipanda na kushuka. Nikaisikia kabla ya kuiona. Haikuwa inanguruma, ilikuwa inakohoa. Ikatokea chini yangu, Taiga Mothi kabisa, mgongo wake rangi ya majani na udongo, duara jekundu ndani ya bluu kwenye kila bawa. Ikalala upande ili ikate kona, na ubavuni nikaona herufi nyeusi: T, halafu saba, na saba nyingine. Ukungu ukaifunika. Nilisimama na mundu mkononi, nasikiliza. Kikohozi kilisikika tena mbali kidogo, upande wa korongo la msitu, kisha kimya.

Waliokuwa mashambani walisema imevuka salama kwenda upande wa ziwa Jipe. Nikataka sana kuwaamini. Nikajitwika ndizi zangu nikaenda gulioni.

Saa sita hivi tarishi wa mfumwa akaja mbio, kanzu ameikunja kiunoni. Akapanda juu ya jiwe. "Sikilizeni! Moshi wamepiga simu Same, Same wametuma kwetu. Ndege ya wanafunzi haikurudi. Ni ya njano. Nani ameona ndege ya njano?"

Watu wakageukiana wakiulizana.

"Tuliyoiona sisi ni ya kijani," akasema muuza tumbaku. "Na ilipita zake."

"Basi siyo hiyo. Nakwenda Usangi kuuliza."

Moyo wangu ukatua. Wangu siye aliyepotea. Nikaona aibu papo hapo, maana huyo wa njano naye ana mama yake mahali fulani.

Ndipo mzee mmoja mfugaji wa huko tambarare, aliyekuja kubadilishana samli na ndizi, akaongea bila kunyanyuka. "Ya njano nimeiona mimi. Asubuhi, nikiwa na ng'ombe. Ilipita juu ya kichwa changu, tumbo njano kama yai, ikaelekea huku kwenu. Inaumwa kifua."

Watu wakaangua kicheko. "Mzee, huko chini vumbi limekuingia machoni!"

"Na ninyi huku juu mnakaa na nyani, mmeanza kufanana," akajibu. Alikuwa hacheki.

Tarishi akakunja uso. "Kwa hiyo ndege ni mbili. Ya kijani imepita, ya njano imegeuka huko huko chini. Nitawaambia wakatafute tambarare." Akaanza kufunga viatu.

Yule mzee akakasirika. Akachomoa fimbo yake, akachora mavumbini. "Mimi sisahau chapa. Ng'ombe akinipita mara moja, naijua chapa yake na boma lake. Huyu alikuwa na chapa chini ya bawa. Tazameni. Mti wenye dari. Halafu mundu, na mundu. Bawa hili chapa inatazama mbele, bawa la pili inatazama nyuma. Mwenye ng'ombe wa namna hiyo simjui, lakini chapa nimeiona!"

Nilikuwa nimesimama upande wa pili, kwa hiyo niliitazama ikiwa juu chini. Nikazunguka kichanja cha vitunguu nikaja upande wake. T. Saba. Saba.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba."

"Maduara yake uliyaona?"

"Nyekundu, nyeupe, bluu."

"Mimi sikuona nyeupe. Niliona nyekundu na bluu tu."

"Binti, kauze ndizi," tarishi akasema.

"Ndugu tarishi, subiri kwanza. Chapa hiyo niliiona ubavuni mwa ndege ya kijani. Ni ile ile." Sauti yangu ilikuwa imekwenda juu, nikaisikia mwenyewe. Nikachukua jani la mgomba lililofunika mzigo wangu, nikaligeuza mbele yao, juu kijani iliyokolea, chini limepauka. "Sisi tumeona mgongo. Mzee ameona tumbo. Ni ndege moja, na imeingia kwenye korongo letu; kikohozi chake kilikatikia huko."

Hakuna aliyecheka tena. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka mpaka kwenye paa za vibanda. Mtu aliyelala korongoni tangu asubuhi, na baridi ile, hakuwa na muda.

"Pigeni baragumu," tarishi akasema.

Mwenye baragumu akakataa. Baragumu letu ni la msaragambo, la kuita watu wote kwenye kazi ya mifereji na ya ndiva, bwawa letu la maji, na siku ya gulio halilii. "Nikilipiga leo watu watadhani ndiva imepasuka, maji yanakwenda mashambani. Watakuja na majembe na mapanga."

"Na wewe unadhani msituni tunahitaji nini?" akauliza mzee mfugaji. "Vijiko?"

Mwenye baragumu akalipiga.

Wakaja kweli mbio, hata wanawake wenye watoto mgongoni, wakiuliza ukuta wa ndiva umebomoka wapi. Tukaingia korongoni kwa mstari, tukifyeka, tukiitana ili tusipotezane. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo nisiwe nimekosea. Halafu nikaomba niwe nimekosea. Kisha muuza tumbaku akasema, "Njano."

Ilikuwa imeinamisha pua kati ya miti, mkia juu, tumbo lake limetugeukia. Rubani alikuwa ameketi chini yake, mguu umekunjika vibaya. Alikuwa kijana, pengine rika langu. Akaona watu wengi sana wanatoka ukunguni na mapanga. Akainua mikono yote miwili, akajivuta nyuma kwa kitako, anatokwa machozi.

"Wekeni chini!" nikapiga kelele. "Jamani, anatuogopa!"

Majembe yakaanguka moja moja. Nikamsogelea polepole. Kizungu changu chote kilikuwa salamu moja ya shuleni, nikampa hiyo hiyo: "Gudi moning, ticha."

Ilikuwa alasiri. Alinitazama, mdomo ukamcheza, akacheka na kulia kwa pamoja, akanishika mkono hakuuachia.

Tukakata miti miwili, mzee mfugaji akavua shuka lake la juu akalifunga katikati, tukapata machela. Wanaume wakamwinua kumteremsha tambarare kwenye reli, na ili hatua ziende sawa kwenye utelezi wakaanza wimbo wa msaragambo, mmoja anatoa, wengine wanaitikia.

Njiani mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Nikamwita mzee. Mzee akawasimamisha wabebaji, akainama, akaweka sikio kifuani pa yule kijana.

"Amelala tu," akasema.

Wakaendelea kushuka, wakiimba kwa kunong'ona.