Udongo wa Kichuguu

Sayansi ya udongo ina mitindo kama vitenge. Mwaka huu kila mtu anataka maua makubwa. Mwaka kesho ukimpelekea hayohayo anakuuliza umeyatoa sanduku la bibi yupi. Nina haki ya kusema hivyo. Nimewachimbia watafiti udongo tangu nilipomaliza kidato cha nne, kuanzia kwetu Kasekese mpaka kule Ugalla, na wakibadilisha maswali yao mimi ndiye ninayerudishwa kwenye mashamba yaleyale na jembe.

Wa kwanza niliofanya nao kazi walikuwa watu wa mbolea ya chumvichumvi, ile ya viwandani. Walitaka kujua shamba lipi liwekewe mbolea kiasi gani, na pia kama udongo una tindikali, maana kwenye udongo wa tindikali mbolea hiyo haisaidii kitu mpaka utangulize chokaa. Shamba la mama yangu lilikuwa kwenye orodha yao. Mama alifurahi hadi akafua kanga yake ya kutokea. Mahindi yake yalikuwa yanadumaa na kuwa ya njano kabla hayajafika magotini, na baba alikuwa ameshaanza kusema kwamba shamba halina kosa, kosa ni la mkono unaolima. Majirani nao wakadakia. "Mgeni njoo mwenyeji apone," mama alisema gari la wataalamu lilipoingia.

Wataalamu walikuwa na haraka, kijiji kingine kinawasubiri. Waliniachia ndoo, mifuko na maelekezo: nipite shamba zima, nichote kidogo kila mahali, nichanganye, nifunge mfuko mmoja. Nilikuwa nachota palepale mahindi yanapogoma mama aliponikuta.

"Unachukua nini hapo?"

"Udongo, mama. Wa kwenda kupima."

"Sasa ndo unampa mgeni huo? Si mchanga mtupu huo! Watatuonaje?"

Akaimwaga ndoo yangu. Akanishika mkono mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa kwenye kona ya shamba, alikokuwa anapanda maboga, ambako udongo ni mzito na kila kitu kinaota. Akaujaza mfuko mwenyewe, kwa mikono yake. Kwetu mgeni hachinjiwi kuku mgonjwa, na mama hakuona kwa nini apewe udongo mgonjwa. Mimi nilijua kwamba mfuko ule ungesema uongo. Nilikuwa nimefundishwa asubuhi ileile. Lakini na mimi niliuonea aibu ule mchanga wetu. Nikaufunga mfuko, nikaandika namba ya shamba.

Majibu yalisomwa kwenye ofisi ya kijiji. Shamba la mama halina tindikali, halihitaji chokaa, liwekewe mbolea tu. Majirani wawili waliambiwa watafute chokaa, na mama akawaonea huruma. Yeye akaweka mbolea. Msimu wa kwanza mahindi yalijitutumua kidogo, wa pili yakarudi kuwa ya njano, wa tatu yakawa mabaya kuliko mwanzo, kwa sababu mbolea ile ilikuwa inazidisha tindikali ambayo karatasi ilisema haipo. Baba akapata ushahidi aliokuwa anautafuta. "Udongo umepimwa ni mzima," akasema mbele ya wageni. "Sasa mgonjwa ni nani?"

Mama akawa anaamka mapema zaidi. Wenzake wakipalilia mara mbili, yeye anapalilia mara tatu. Nilimwangalia, nikanyamaza, na kila msimu niliponyamaza, kusema kukawa kugumu zaidi.

Nilipata ujasiri walipokuja tena. Mkuu wa msafara alikuwa yuleyule, ameota mvi, ila mbolea ya chumvichumvi aliyokuwa anaihubiri sasa ilikuwa kama dhambi. Sasa ilikuwa zamu ya mikunde: marejea, mbaazi, udongo ujirutubishe wenyewe. Nilimfuata kando ya gari akila hindi la kuchoma, nikamwambia ukweli wote, kwamba ule mfuko ulikuwa wa kichuguu na mama analima tindikali bila kujua. Nilitegemea anifukuze kazi. Alifuta mdomo akasema, "Dada, ile ya tindikali tulishaifunga. Mradi wa sasa ni wa mikunde. Mwambie mama apande marejea."

Nilimchukia kwa jibu lile. Nilijichukia zaidi mwenyewe, kwa sababu moyoni nilipata nafuu: nilikuwa nimeshasema, hata kama nilimwambia mtu asiyehusika. Mama akapanda marejea, wakampiga picha katikati ya maua ya njano, wakaondoka.

Baada yao walikuja watu wa vijidudu, tukawa tunabeba udongo kwenye boksi la barafu kama samaki. Wakati huo baba alikuwa amefariki na mama amehamia kwangu Ilembo. Alikuwa na matuta mawili ya mchicha nyuma ya nyumba, na mtu akimuuliza habari za shamba anajibu, "Mimi kilimo kilinishinda." Shamba likaachwa, miombo ikarudi.

Mwaka huu wamekuja watu wa kaboni, ile hewa ya ukaa inayofungwa na miti na udongo. Kiongozi wao ni kijana mpole mwenye tableti, na kwenye ile tableti kuna picha zilizopigwa kutoka angani. Kona moja ya Kasekese ilikuwa na kijani kingi kuliko zote. "Mkulima wa hapa ndiye tunayemtafuta," aliniambia. "Ametunza ardhi vizuri sana." Nilipotambua ni kona ipi, nilitamani kucheka nikashindwa. Nikampeleka Ilembo.

Alimpa mama pongezi kwa mikono miwili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa mahindi yataota?"

"Sisi hatuangalii mahindi, bibi. Tunaangalia kaboni. Ukikaa bila kulima ndo vizuri zaidi."

"Nyie watu," mama alisema, akaenda kuchukua jembe.

Alikataa kubaki nyumbani. Tulipofika shambani alipita katikati ya miti bila kuuliza njia, mpaka kwenye kichuguu. Akainama.

"Mama, siyo hapo," nilisema. "Hata ile mara ya kwanza haikutakiwa kuwa hapo."

Nikamweleza. Kwamba shamba lake lilitaka chokaa kama ya majirani. Kwamba mbolea yake ndiyo iliyolimaliza.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

Akanipa jembe. Nilichimba pale mahindi yalipokuwa yanagoma, nikajaza mfuko, safari hii wa kweli. Fomu ya yule kijana ilikuwa na mstari wa kaboni, wa unyevu na wa umri wa miti. Wa tindikali haukuwepo. Nilimuuliza kama wanaweza kupima na hiyo, akasema haimo kwenye mradi.

Tuliposhuka Ilembo mama alisimama mlangoni, bado ana vumbi la kule miguuni.

"Baba yako amekufa anajua mimi ni mvivu," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeshakubali."