Furaha ya Mume Wangu Ilivyonitia Shaka

Mume wangu alianza kuwa na furaha mwezi wa pili, nami nikaanza kumchunguza.

Kwanza nieleze alivyokuwa kabla ya hapo. Ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na kwa miaka yote tuliyoishi Tegeta alikuwa anarudi nyumbani na uso wa mtu aliyetoka kugombana. Anavua viatu, anajitupa kwenye kochi, anashika simu, anazigombeza habari anazosoma humo mpaka chakula kiive. Sikulalamika. Mwenyewe sikulelewa kwenye vicheko. Mama yangu, kule Same, akitukuta watoto tunacheka sana, alisimama mlangoni na kuuliza, "Haya, na kulia mtaanza saa ngapi?" Tukajifunza kucheka huku mmoja wetu akiangalia mlango.

Basi asubuhi moja nikaamka nikasikia fagio uani. Nilidhani ni jirani. Nilipochungulia dirishani, alikuwa mume wangu, kainama, anafagia majani huku akipiga mluzi. Katika ndoa yetu sikuwahi kumwona ameshika fagio. Jioni yake aliporudi, simu akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaja kukaa nami jikoni wakati nakata mchicha.

"Leo kitu gani kimekufurahisha?" akaniuliza.

Nikamtazama. "Umeme haujakatika."

"Hicho ni kizuri," akasema, kwa sauti ya kweli kabisa, na akaniuliza kama kuna kingine.

Ikawa kila siku. Anafagia, anatembea kwa miguu hadi barabara kubwa badala ya kupanda bodaboda, anamsalimia mlinzi wa nyumba ya jirani na kumuuliza habari za mkewe. Usiku kabla ya kulala anaandika mistari mitatu kwenye daftari la shule. Na kila Jumamosi baada ya chai anaondoka. "Naenda kunyoosha miguu," anasema. Anarudi saa kumi akiwa amechoka, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga.

Mwanamke yeyote angefikiri nilichofikiri. Nikaanza kunusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Manukato hayakuwepo, ila Jumamosi moja nilinusa kitu kikali kidogo nikakifahamu mara moja: rangi ya kucha. Nikakaa juu ya ndoo pale bafuni na shati mapajani. Kwa hiyo ni mtu wa saluni, nikajiambia. Nikamvalisha huyo mtu nywele, nikamvalisha umri, nikampa hata sauti.

Kesho yake, alipokwenda ibada ya kwanza, nikafungua daftari. Mistari mingi ilikuwa ya kawaida. Maji ya kuoga yalikuwa ya uvuguvugu. Mtoto wa kidato cha pili ameelewa hesabu za sehemu. Mke wangu ametengeneza samaki wa nazi. Kisha nikafika kwenye Jumamosi. "Leo amecheka." Jumamosi nyingine: "Amenipa chai, sukari kidogo sana, nimeinywa yote." Nyingine: "Kaniambia nisichelewe wiki ijayo."

Kiswahili chetu hakikunisaidia hata kidogo. Amecheka, amenipa, kaniambia. Angeweza kuwa mtu yeyote, lakini mie nilishajua ni nani, na kucha zake zilikuwa nyekundu.

Sikumwuliza. Nilitaka nimkamate. Jirani yangu anayeuza vitenge ndiye aliyenipa njia bila kujua. "Jumamosi nilimwona shemeji Manzese," akaniambia, "anashuka darajani na mfuko wa chapati. Mna ndugu huko?"

"Tunao," nikasema.

Jumamosi iliyofuata nilimuaga mume wangu mapema, nikasema naenda kwenye kikao cha kinamama kanisani. Nikaenda Manzese. Nilijifunga kitenge kichwani hadi kwenye nyusi, nikasimama kwenye duka la mabegi karibu na daraja la waenda kwa miguu, nikijifanya naulizia bei. Muuza mabegi alianza kunishuku. Nilikaa pale mpaka nikamwona mume wangu anashuka ngazi, mfuko mkononi, anatembea kama mtu anayekwenda mahali anapopapenda. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Nikamfuata. Aliingia uchochoro uliopita katikati ya karakana za vitanda na makabati, akafika kwenye banda la bati lililo wazi mbele. Ndani kulikuwa na mwanamume amekaa kwenye kreti, anapiga msasa mguu wa kiti. Kando yake kulikuwa na kopo la vanishi lililo wazi, na harufu ikanifikia nilipokuwa. Ile ile ya kwenye shati.

Mume wangu akavuta kreti, akatoa chapati, akachukua kipande cha msasa na mguu mwingine wa kiti. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Walifanya kazi tu.

Yule mwanamume alipoinua uso, nikamtambua. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu.

Kwa miaka kumi na moja jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Kwenye msiba wa baba yao, watu wamejaa uani, alisimama na kumwambia mume wangu, mbele ya wazee na mbele yangu, "Huyu mwanamke amekufungia mlango. Tafuta mwingine ukiwa bado na nguvu." Mtoto hatukujaaliwa. Mume wangu alinishika mkono tukaondoka kabla ya kuzika, na hilo ndilo jambo kubwa alilowahi kunifanyia. Nililitegemea. Sasa nilimwona amekaa na mtu yuleyule, wanagawana chapati.

Kaka mtu ndiye aliyeniona. Msasa ukamdondoka.

"Shemeji," akasema.

"Usiniite shemeji."

Mume wangu akageuka, akasimama, unga wa mbao umemjaa mikononi. "Nilikuwa nitakwambia."

"Lini? Ningekufa kwanza?"

"Sikujua nianzeje," akasema. "Kila nilipofungua mdomo, niliuona ule uwanja wa msiba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke. Matusi yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya mwanamke, na hapa hayakufaa. Niliona aibu na hasira kwa pamoja, na chini kabisa, jambo ambalo sikulikiri siku ile, nilipumua. Nikageuka nikaondoka. Mume wangu akanifuata, akatembea nyuma yangu hatua mbili hadi barabarani, akiniambia mgongoni kila kitu.

Walimu walipimwa presha shuleni mwezi wa pili, na yake ilikuwa mbaya. Alinificha ili nisiogope. Muuguzi akampa dawa, akamwambia pia atembee, aweke simu mbali, aandike kila siku mambo mazuri hata kama ni madogo. Kisha akamwuliza kama kuna mtu ana kinyongo naye. "Nikacheka," mume wangu akasema. "Lakini kesho yake wakati nanyoa ndevu nikajisikia namjibu kaka. Tena kwa sauti. Kumbe kila asubuhi huwa namjibu. Miaka kumi na moja, kila asubuhi, maneno yaleyale. Nikachoka, mke wangu. Sikumsamehe. Nilichoka tu, nikaenda."

"Na mie umeniweka wapi?"

Akafuta unga wa mbao kwenye suruali. Nilimheshimu kidogo kwa kutonitungia jibu.

Kwa wiki mbili tuliongea mambo ya chumvi na maji ya tanki. Aliendelea kufagia, ila mluzi uliisha. Alipoketi jikoni nikamwambia sharti langu: "Alisema mbele za watu. Aseme mbele za watu."

Ilichukua miezi mitatu. Kwenye kikao cha harusi ya mpwa wao, nyumbani kwa shangazi yao Mbagala, sebuleni watu wakiwa wamebanana na soda zimeshagawiwa, kaka mtu akasimama. Alikuwa amechomekea shati. "Nina neno kwa shemeji yangu," akasema. "Siku ya msiba wa mzee nilimvunjia heshima. Nilisema uongo. Mlango... mlango sikuwa na haki ya kuutaja." Hapo akakwama, akakaa. Shangazi yao, ambaye siku ile ya msiba alinyamaza, alianza kulia.

Mie sikulia. Nilimtazama mume wangu, na usiku njiani nikamwuliza, "Umemwandikia wewe yale maneno?"

"Sentensi ya kwanza tu," akasema. "Nyingine zake."

Nikaiamini hiyo, kwa sababu zile nyingine zilikuwa zimevunjikavunjika.

Sitaki kusema kwamba sasa sisi ni watu wa furaha. Mume wangu bado kuna siku anarudi amekunja uso, na fagio linakaa siku tatu bila kuguswa. Mie nilipoanza kumjibu lile swali lake la jioni, mwanzoni nilidanganya ili aniache. Nilitaja ndege, nilitaja upepo. Halafu kwa sababu ya kutafuta cha kudanganyia, nikaanza kuangalia mchana kutwa, na siku moja nikajikuta nina cha kweli. Kilikuwa kidogo mno: mwanafunzi aliyekuja kulipia kitambulisho kwenye ofisi ya chuo ninakofanya kazi alikuwa amevaa soksi mbili tofauti na hakujali. Nilikieleza chote, mpaka rangi zake.

Jumamosi iliyopita mume wangu alikuwa na mafua, nikapeleka chapati peke yangu. Shemeji akafuta kiti kwa kitambaa, akanikaribisha. Akanipa chai, na kweli sukari ilikuwa kidogo. Tukaongea habari za foleni ya Tegeta na mbao zilivyopanda bei, kisha yeye akarudi kwenye randa yake, mie kwenye kikombe changu. Muda wote ule nilisubiri aniombe nimwambie kwamba nimemsamehe. Hakuomba.