Ardis Aliyeshindwa na Kuku

Ardis Kolar alikuwa mtu wa kununa kimya. Wenzake katika kiwanda cha kuku, huko mashariki ya Nebraska, walimjua hivyo: akikasirika hasemi, huvuta tu glavu zake za mpira mpaka zinalia. Kazi yake ilikuwa kuwatundika kuku kwa miguu kwenye mnyororo unaopita juu ya vichwa vya wafanyakazi, kuku baada ya kuku, hadi mabega yafe ganzi. Akirudi nyumbani hujisugua kwa sabuni na limau, na bado binti zake, Janelle na Gwen, humwambia, "Mama, unanuka kuku."

Miaka yote alikuwa akitaka kitu kimoja tu: kuona milima. Alizaliwa kwenye tambarare na kuolewa kwenye tambarare, na mahali pa juu kuliko pote alipowahi kupanda ni paa la ghala la nafaka la mjomba wake. Kila kiangazi kiwanda kikitoa likizo, walipakia gari na kushika njia ya magharibi. Na kila kiangazi waligeuza kabla milima haijaonekana. Sababu ilikuwa Milo, mumewe.

Milo hakuwa mtu mbaya. Si mlevi, si mgomvi, na ujira wake wa ufundi wa mabomba aliufikisha nyumbani wote. Lakini akiona kibao kando ya barabara kinachosema kuna kitu cha kutazama, mguu wake huhamia kwenye breki wenyewe. Kiatu kikubwa kuliko vyote duniani, nyumba iliyojengwa kichwa chini, ndama wa vichwa viwili aliyekaushwa: vyote sharti vionwe. Likizo iliishia kwenye madirisha ya tiketi.

"Mwaka huu tunakwenda moja kwa moja," Ardis alimwambia walipokuwa wakifunga mizigo. "Umenisikia?"

"Nimesikia, mke wangu. Moja kwa moja kama mshale."

Mshale ulipinda siku ya pili, katikati ya South Dakota. Vibao vilianza kujitokeza mapema, vya njano, kimoja baada ya kingine kwenye nyasi: MJI WA MAAJABU. SHIMO LISILO NA MWISHO. USIPITE, UTAJUTA. Ardis aliwaona watoto wakisoma kwa sauti, akamwona Milo akisoma kwa midomo tu, akajua yamekwisha.

"Milo," alisema.

"Dakika kumi. Watoto wanyooshe miguu. Mama naye anyooshe miguu."

"Miguu yangu imenyooka," alisema Ludmila, mama yake Milo, kutoka kiti cha nyuma. "Usinisingizie mimi."

Gari lilikuwa limekwisha kuingia kwenye changarawe.

Mji wa Maajabu ulikuwa kibanda cha mbao, pampu ya petroli, na tembo wa kale wa saruji aliyepoteza mkonga. Mwenye mahali, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Orrin, aliwakatia tiketi bila kuamka kitini. Nyoka wa kutisha walikuwa wawili, wamelala, na mmoja huenda alikuwa amelala milele. Kisha wakapelekwa nyuma kwenye Shimo Lisilo na Mwisho. Wote watano waliegemea uzio na kuchungulia. Mwisho ulionekana vizuri kabisa. Chini kulikuwa na chupa za soda na ndala moja ya buluu.

"Baba, si ule pale mwisho wake?" aliuliza Gwen.

"Pale ni mahali tu limejikunja," alisema Milo.

Ludmila alicheka mpaka akashika kiuno. Ardis hakucheka. Damu ilimpanda hadi masikioni. Alipiga hesabu ya mwendo uliobaki na jua lililobaki, akaona kwamba mwaka huu nao unaliwa, unaliwa na chupa za soda shimoni.

"Twende garini," alisema.

"Bado kuku," alisema Milo kwa unyonge. "Tiketi ina kuku."

Kuku! Ardis alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. Lakini watoto walikuwa wameshakimbilia kibandani, naye akafuata ili awatoe kwa masikio.

Ndani kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani ya sanduku mtetea mweupe, safi, mwenye kishungi chekundu. Mbele yake palikuwa na ubao wa vyumba tisa vyenye taa. Ni ule mchezo wa watoto wa msalaba na duara: anayepanga tatu kwa mstari ndiye mshindi. Ukitia sarafu, unabonyeza chumba chako, na kuku anadonoa chake. Milo alicheza akashindwa. Janelle akashindwa. Kila akishinda, kuku alidondoshewa punje za mahindi, akazila huku akimtazama aliyeshindwa kwa jicho moja.

"Jaribu na wewe, Mama!" alisema Gwen.

"Mimi kuku nawajua. Hawana akili hata ya kuikimbia mvua."

"Basi mshinde," alisema Orrin mlangoni. "Tangu tufungue msimu hajashindwa na mtu."

Ardis alitia sarafu. Alifikiri, akabonyeza. Kuku akadonoa. Akabonyeza. Kuku akadonoa, taa zikawaka, punje zikadondoka. Ardis akatia sarafu nyingine. Alishindwa tena. Akavua miwani yake ya jua, akaiweka juu ya sanduku, akakunja mikono ya blauzi.

"Wewe," alimwambia kuku, "unajua mimi ni nani? Unajua ndugu zako wangapi wamepita mikononi mwangu?"

Kuku alidonoa kona. Watoto walipiga kelele za furaha, Ludmila akampangia chumba cha kubonyeza, Milo akampangia kingine, na Ardis akawafokea wote wanyamaze. Mchezo mmoja ulitoka sare, naye akaruka juu kama msichana. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka vile. Alimwagiza Milo akavunje noti nyingine, akacheza tena, hadi jasho likamtiririka mgongoni.

Alipoinua macho, kivuli cha tembo wa saruji kilikuwa kimefika barabarani. Alasiri imekwenda.

"Unaona?" alisema Milo, uso wote unang'aa. "Unaona sasa? Hata wewe umesimama kutazama!"

Laiti angesema jambo lingine lolote. Ardis aliokota miwani yake, akamchomoa Milo funguo mfukoni kwa ghafla kama mwizi, akatoka. Ludmila na watoto waliingia garini kwa sababu waliuona uso wake. Milo alikuwa angali akimuaga Orrin gari lilipotimua changarawe.

"Mama! Baba amebaki!" Janelle alipiga ukelele.

"Najua."

Aliendesha kama anafukuzwa. Gwen alianza kulia. Ludmila alimpa leso. Kisha akasogea mbele, akaweka kidevu nyuma ya kiti cha mkwewe.

"Mume wangu hakusimamisha gari hata mara moja," alisema. "Milo akililia tuone chochote, baba yake anaongeza mwendo. Mtoto alikojoa kwenye chupa, mwanangu, chupa ya maziwa, huku vibao vinampita dirishani. Ndiyo maana yuko hivi."

"Najua, mama. Ameniambia mara mia. Na mimi nifanye nini? Baba yake alimnyima, sasa mimi ndiye ninayelipa? Mimi kosa langu nini?"

Ludmila alifikiri. "Huna kosa," alisema. "Nenda mbele kidogo tena. Halafu turudi."

Walipomrudia, Milo alikuwa ameketi kwenye mguu wa tembo, hana kofia, uso umeiva kwa jua.

"Umeniacha kama mbwa!" alifoka kabla mlango haujafunguka.

"Mbwa angebweka njiani, tungemsikia. Ingia nyuma."

"Gari langu—"

"Ingia nyuma, Milo, kati ya watoto. Na ukisoma kibao hata kimoja kwa sauti, nakushusha, safari hii sirudi."

Aliingia. Magoti yake yalimfika kidevuni. Ardis ndiye aliyeshika usukani jioni ile yote, na kesho yake tangu kunapambazuka, wakala mkate na soseji baridi garini, wakavuka mpaka wa Wyoming bila mtu kusema neno ila Ludmila aliyeomba kwenda chooni, akakubaliwa.

Milima ilianza kama wingu la buluu. Mchana iliwasimamia mbele, mirefu, myeusi kwa misonobari, na theluji ikiwa bado vileleni katikati ya Julai. Ardis alisimamisha gari kando, akashuka peke yake, akaenda hadi kwenye waya wa shamba la mtu. Alikuwa amedhani atafurahi. Aliushika waya kwa mikono miwili, na hasira iliyompanda pale ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwenye shimo. Mwendo wa siku tatu tu! Miaka yote ile milima ilikuwa hapa, imesimama, bure, haina tiketi, naye alikuwa anaonyeshwa ndama waliokaushwa.

Milo alikuja akasimama nyuma yake. "Ni mizuri," alisema.

"Nyamaza. Hii ni yangu. Usiniambie chochote juu yake."

Milo aliegemea waya kando yake. Walikaa pale mpaka upepo ukawa wa baridi na watoto wakavaa sweta.

Walilala kwenye vyumba vya kupanga chini ya mlima. Asubuhi Milo alimletea kahawa kitandani, akasimama na ramani mkononi, hajui pa kuiweka.

"Leo unataka twende wapi?" aliuliza.

Ardis alichukua kikombe. Katika miaka yote ya ndoa swali hilo halikuwa limeulizwa.

"Nataka kulala," alisema. "Wachukue watoto, mchukue na mama yako, mkatafute kitu cha kutazama. Msirudi mapema."

Akanywa kahawa yote, akageukia ukutani, akajifunika hadi kichwani.