Kilo Saba za Majirani

Tiketi ya bei rahisi ya kwenda Kisumu iliruhusu begi moja tu, kilo saba. Nikajiona mjanja: nikavaa suruali mbili, mashati matatu na koti zito la mtumba kutoka soko la Gikomba, begi likabaki jepesi. Kosa langu ni kujigamba hapa mtaani Jericho, Nairobi. Majirani waliposikia napanda ndege, kila mmoja alileta kifurushi cha kumpelekea mamake huko Kisumu, hata yule asiyenijibu salamu. Sukari, leso, sufuria! Ningekataa, ningeitwa mwenye maringo. Nikasafiri nikitiririka jasho. Nyumbani, mama alifungua begi kwa furaha, akasoma majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwenye kila kifurushi, kisha akaniuliza, “Na mimi, mwanangu, umeniletea nini?”

Nikavua koti, nikampa.