Nyanya ya Kwanza ni ya Mjomba

Ardhi ya Rahaleo ni mchanga mtupu. Ukimwaga maji, ukigeuka kuyaangalia, hayapo. Na uani kwetu hata huo mchanga haukuwa wangu: huku jiko la mama, kule choo, katikati kuku wa mke wa mjomba, kuku waliokuwa wanakula mpaka sabuni. Ndiyo maana nikapanda nyanya kwenye madebe. Watu walicheka. Wakauliza nimeona wapi mboga inatiwa kwenye bati kama mafuta ya taa. Wacheke! Mimi nikichekwa ndiyo kwanza napata nguvu, na mdomo wangu sijauazima kwa mtu.

Madebe nilipewa na fundi bati wa nyumba ya pili. Mzee huyu kazi yake ilikuwa kutengeneza vibatari na kuziba ndoo, na kila debe lililoshindikana alinirushia mimi juu ya ua. "Mtani, chukua jeneza lako!" Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu, kwa hiyo yeye alikuwa na ruhusa ya kunitukana, na mimi nilikuwa na ruhusa ya kumtukana zaidi. Debe linalovuja halifai kwa maji, lakini nyanya inalitaka hilo hilo, maana maji yakituama mizizi inaoza. Nilikuwa na madebe saba, makopo mawili ya rangi na karai la zege lililotoboka.

Hakuna aliyenifundisha. Shule niliacha darasa la nne baba alipofariki. Kusoma nimeendelea kujifunza kwenye karatasi za kufungia karanga, na siku moja karanga zilikuja kwenye ukurasa wa mambo ya kilimo, nusu ukurasa, umechanika pale pale penye maneno matamu. Nusu iliyobaki nikajijazia mwenyewe kwa makosa. Mwaka wa kwanza nilichanganya mchanga na maganda ya korosho nikidhani ni mbolea, miche ikababuka kama midomo ya mtoto aliyeng'ata korosho mbichi. Mwaka wa pili nikaleta udongo mweusi wa Ruvuma, gunia zima kutoka kwa bibi yangu kijijini Kitaya, kando ya mto, nimelikalia kwenye lori njia nzima asije mtu akaniibia. Nikauchanganya na mavi ya mbuzi makavu. Hapo zikakubali. Jua likipanda nayabeba madebe moja moja kwenda kivulini ukutani, alasiri nayarudisha. Vichipukizi vinavyotoka kwenye makwapa ya matawi navikata kwa kucha. Majivu ya jikoni juu ya majani, wadudu wakome.

Sasa nimseme mjomba.

Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakulisha, lakini mwenye neno juu yako ni mjomba, na wewe mpwa ndiye mrithi wake. Watoto wake wa kuzaa ni wa ukoo wa mama yao, nao wana mjomba wao huko. Mimi siku ya kutoka jandoni mjomba alinibeba mabegani, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Baba alipofariki ni yeye aliyekuja kutuchukua, mama na mimi, akatupa chumba nyumbani kwake. Kijana mmoja pale bombani aliwahi kusema mjomba wangu mlevi. Kweli alikuwa anakunywa. Nikamvunja jino.

Kwa hiyo kila msimu nyanya ya kwanza kuiva ilikuwa ya mjomba. Mahindi ya kwanza hupelekwa kwa mjomba, mtama wa kwanza hupelekwa kwa mjomba, kwa nini nyanya isiende? Naifuta kwa shati, naipeleka kwa mikono miwili. Yeye anaipasua, anatia chumvi, anafumba macho akitafuna.

"Mpwa wangu," anasema, "wewe una mkono."

Maneno hayo nilikuwa nakaa nayo mwaka mzima.

Msimu wa tano nimetoka bombani na ndoo kichwani, namkuta mjomba kasimama katikati ya madebe yangu anacheka peke yake. Bwana shamba mmoja wa kituo cha kilimo cha Naliendele alikuwa amekuja kwa fundi kuziba keni ya kumwagilia, akachungulia juu ya ua.

"Kasema hajaona nyanya safi kama hizi hata kwenye mashamba yao," mjomba akaniambia. "Kitaluni kwake anataka kijana wa kulea miche. Zikiiva, aliyezipanda aje na kikapu, aje na mkubwa wake."

"Mkubwa wangu si wewe?"

"Sasa nani mwingine?"

Nikakaa chini pale pale, maji yakanimwagikia. Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa vibarua, leo magunia ya korosho, kesho hakuna. Kazi ya kulea miche! Mimi! Usiku ule sikulala, nilikuwa naamka kugusa majani gizani kama mwizi kwenye shamba langu mwenyewe.

Mjomba akawa anakuja kila asubuhi kuziangalia. Siku zilipoanza kushika rangi, ile ya manjano inayoelekea wekundu, akanijia na uso mzito.

"Bibi yako Kitaya anaumwa. Anakutaja wewe tu."

"Na Naliendele, mjomba?"

"Nyanya zina miguu? Ukirudi tutakwenda."

Nikapanda lori siku hiyo hiyo. Siku hizo ng'ambo ya mto bado kulikuwa na vita, kwenda Kitaya hakukuwa kwenda matembezi, lakini bibi ni bibi. Nikamkuta anatwanga mtama, jasho linamtiririka, mzima kuliko mimi.

"Nani kasema naumwa? Huyo aliyesema ndiye anaumwa. Shika mchi huo, umeshakuja."

Nikatwanga. Siku ya nne nikarudi na gunia jingine la udongo, na njia nzima namtetea mjomba kichwani mwangu. Kadanganywa na mpita njia. Kaota ndoto mbaya. Basi nilimtetea vizuri, ningekuwa wakili ningeshinda.

Nafika uani, madebe yamebaki na nyanya za kijani tu. Nyekundu zote hazipo. Na hazikuchumwa, zilinyofolewa. Anayejua nyanya anaikunja kidogo pale kwenye kifundo cha kikonyo, inakubali yenyewe. Huyu alivuta mpaka matawi mawili yakachanika. Mjomba alikuwa amekaa barazani, akatikisa kichwa.

"Mtani huyo," akasema. "Na mtani haulizwi."

Kweli, mtani haulizwi. Anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na wewe huna pa kushitaki, labda umsubiri siku yako. Lakini hasira zangu hazijui mila. Nikatoka mbio mpaka kwa fundi, watu wamejaa na ndoo zao.

"We mzee wa makopo! Mikono inanuka lehemu, hata kunawa hukunawa, ukaingia kwangu kunyofoa nyanya!"

Fundi akaweka nyundo chini taratibu, akapiga tumbo lake.

"Nimekula, mtani. Nimekula zote! Mbegu nimetema chooni kwenu. Zikiota, uvune vizuri!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikamwambia bati lake litamkata ulimi, akaniambia nitazikwa ndani ya debe, tena linalovuja. Nikaondoka nimemwamini. Alisema nimekula, mimi nikasikia nimekula. Mtani akisingiziwa wizi hakatai, anauongeza, huo ndio utani wenyewe, hata mtoto mdogo kwetu anajua. Nilikuwa najua. Lakini mtu kama hataki kutazama upande fulani, atatazama popote pengine.

Mjomba akasema tungoje za kijani ziive, isitoshe bwana shamba kasafiri. Nikangoja. Matawi yaliyochanika nikayafunga kwa vipande vya kanga kuukuu ya mama. Zilipoiva, mjomba kila siku ana udhuru: mara mguu, mara msiba. Asubuhi moja nikachuma mwenyewe, nikaweka majani chini ya kikapu, nikaenda Naliendele kwa miguu. Nilishapanga maneno: mkubwa wangu anaumwa mguu, nimetangulia.

Kitaluni nikamwona kijana wa kaptula ya kaki, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Anamwagia miche maji juu ya majani, saa sita mchana, jua kali. Nikataka kumpigia kelele. Akageuka. Alikuwa mtoto wa mjomba. Binamu yangu, tuliyelala naye mkeka mmoja, ambaye hajawahi hata kuninyanyulia debe, na nyumbani tuliambiwa yuko kwa wajomba zake.

Keni ikashuka yenyewe mkononi mwake.

"Ndugu yangu," akasema, "baba alisema wewe hukutaka. Alisema unahamia Kitaya kwa bibi."

"Kikapu ulileta wewe?"

"Alileta baba. Mimi aliniambia nikiulizwa niitikie."

Bwana shamba akaja, mtu wa makamo, kofia mkononi. "Huyu nani?"

Neno moja tu. Ningesema neno moja, mzee yule angejua mkono ni wa nani, hata kwa kunitazama vidole tu, vilivyokuwa vya kijani mpaka kwenye kucha. Lakini neno hilo lingemfanya mjomba wangu mwongo mbele ya mgeni, na wa kumwaibisha ningekuwa mimi, mpwa wake, niliyebebwa mabegani.

"Ndugu yake," nikasema. "Nimemletea nyanya za nyumbani."

Bwana shamba akachukua moja, akaigeuza juani. "Zile zile!" Akampiga binamu yangu begani. "Unaona? Mkono wako huu."

Binamu akatazama chini. Kabla sijaondoka nikamsogelea.

"Maji mwaga kwenye shina. Asubuhi na jioni. Si saa hizi, mjinga wewe."

Nilitembea mpaka Rahaleo bila kuona njia. Mjomba nilimkuta barazani. Sikumwamkia, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Bibi mzima," nikamwambia. "Na mwanao anaunguza miche."

Hakushtuka. Hilo ndilo liliniuma, hakushtuka hata kidogo. Akasugua goti.

"Yule ni mwanangu," akasema.

"Na mimi?"

"Wewe ni damu yangu. Wewe hata nikikukosea, unakwenda wapi? Utarudi. Yule wajomba zake wakimwita, namkosa. Sikuwa na cha kumshikia, mpwa wangu. Nikaona kile chako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, uongo ningeujibu. Huu ulikuwa ukweli. Aliniibia kwa sababu nampenda. Angekuwa na wasiwasi nami kidogo tu, asingethubutu. Nilipiga teke karai la zege mpaka likalia, na huo ndio ulikuwa ugomvi wote niliogombana na mjomba wangu.

Kwa fundi nilikwenda jioni kuomba radhi. Alikuwa anakaza utambi kwenye kibatari.

"Mzee, hukuniambia siyo wewe."

"Kwani ulitaka nikatae? Mtani gani anakataa?" Akanitazama, mara ile hakucheka. "Nilimwona anatoka na kikapu. Mambo ya mjomba na mpwa, mimi niingie kama nani?"

Kisha akasimama, akasogeza mabati yake yaliyoegemea ukuta. "Leta madebe yako hapa. Kwangu hakuna kuku. Na ukifa, jeneza lipo karibu."

Tukayabeba sote wawili, yeye anatukana kila hatua.

Kaptula ya kaki sijaivaa mpaka leo. Binamu bado yuko kitaluni, amejifunza, na jioni nyingine huja kuniuliza jambo, nami namjibu. Yeye alidanganywa kama mimi. Mjomba namwamkia kila asubuhi. Akiugua nampeleka hospitali mimi, mtu akimsema bombani bado nanyanyua ngumi, kisha naishusha na sijui kwa nini.

Msimu uliofuata ya kwanza ikaiva kwenye debe la pembeni, nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Nikaifuta kwa shati, mkono umeshazoea. Nikasimama nayo. Fundi alikuwa anagonga bati, hatazami. Nikamwekea mbele, juu ya fuawe, chuma chake cha kugongea.

"Sumu hii?" akauliza.

"Kula ufe."

Akaila nzima nzima, maji yakimchuruzika kwenye ndevu.

Siku mbili baadaye mjomba akaniita barazani. Kisahani cha chumvi kilikuwa kimeshawekwa kando yake.

"Mpwa wangu, mwaka huu nyanya zimechelewa?"

"Hazikuchelewa, mjomba. Ya kwanza kaichukua mtani."

Mimi nilikuwa namwangalia machoni, huku najiona kama nimeiba.

"Na mtani," nikasema, "haulizwi."

Akavuta kisahani, akakifunika kwa kiganja.