Sale la Mpakani kwa Bibi Ndeshi

Sikupanda Kirua Vunjo kwenda kusamehe. Nalisema hilo mapema, maana hapa mtaani Pasua kuna watu wamenipa sifa nisizokuwa nazo. Nilipanda kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka mtu wa kuitupia usoni.

Binti yangu Aika ana miaka minne. Jumatano moja mchana alikuwa anavuka kutoka dukani na mkate mkononi, pikipiki ikamgonga. Dereva alisimama, akageuka, akamwona, akaondoka. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Kule Mawenzi hospitalini wakamfunga hogo jeupe la plasta hadi pajani. Kwenye fomu ya polisi, mahali pa jina la dereva, nikajaza: hajulikani.

Kumbe alijulikana, mtoto wa jirani ndiye aliyeniropokea. Wiki nzima kijiwe kizima cha bodaboda kilijua ni Godi, kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa mama muuza samaki, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mama yake aliniletea uji hospitalini bila kujua aliyemgonga ni mwanawe. Wenzake walijua, wakanisalimia kila asubuhi, "Mama Aika, mgonjwa anaendeleaje?" Watu wazima na ndevu zao!

Baba Aika ni mpagazi, alikuwa mlimani na wageni, simu haishiki. Nikaandika jina la Godi kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi. Jumatatu naenda polisi.

Alhamisi jioni akaja Rehema, mwenyekiti wa kikundi cha vijana cha mtaa.

"Dada, kesho tunapanda Kirua, siku tatu, kujifunza vikao vya kurudisha. Godi amekubali kuja. Tunaomba na wewe uje."

"Kurudisha nini? Mguu?"

"Hatujui bado. Ndicho tunachokwenda kujifunza."

"Yaani mtoto wangu awe daftari lenu la mazoezi."

Rehema akainamisha kichwa. Wiki ile nzima yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli, kwamba hajui. Nikampeleka Aika kwa dada yangu, nikafunga begi.

Lakini kuna kitu nilikiogopa. Mimi ni mzaliwa wa Mwika. Kwetu Uchaggani mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale lililofungwa fundo, hukatai. Ukikataa, ubaya unakugeukia wewe. Na masale ndiyo mimea ya mipaka, kule juu kila kihamba, shamba la ukoo, kimezungushiwa. Nilijua mwenye akili mmoja atamnong'oneza Godi: chuma sale, mpe, yaishe. Yakiisha hivyo, karatasi yangu imekufa, na Aika bado ana hogo.

Ijumaa, saa moja asubuhi. Tulipanda kirikuu, gari dogo la mizigo linaloshusha ndizi sokoni alfajiri na kurudi tupu. Tulikuwa tisa, tumekalia majani makavu ya migomba. Godi alikaa nyuma kabisa, ameshika bomba, anaangalia barabara tunayoiacha. Mimi nilikaa mbele kabisa. Tukaiacha lami ya Himo, tukaanza kupanda. Vumbi likageuka udongo mwekundu wenye unyevu, joto likabaki chini, na migomba ikafunga pande zote mbili na mibuni chini yake. Mlima wenyewe hatukuuona, ulikuwa umejifunika wingu.

"Dada, huoni baridi?" kijana mmoja akaniuliza.

"Nina moto wangu," nikamjibu. Hakuniuliza tena hadi tulipofika.

Saa nne tukashuka kwa Bibi Ndeshi, mama mzee wa Kikatoliki mwenye ng'ombe wawili na sauti ya kuita ng'ombe kumi. Tulimwamkia shikamoo kwa zamu, akaitikia kila mmoja marahaba yake, akatutia mtori wa ndizi bakulini kabla hata hajatuuliza majina. Mjukuu wake Manka ndiye mwalimu wetu. Kidato cha nne kama mimi, hana cheti cha kutisha mtu. Yeye na wenzake wanakalisha watu vikao kijijini: ng'ombe kala majani ya jirani, mtu kakata mfereji wa maji kabla ya zamu yake, watu wametukanana kwenye grupu la kwaya.

Mchana ule tulikaa mduara uani. Manka alishika kata, ile ya kunywea mbege, pombe ya ndizi, lakini tupu.

"Anayeishika ndiye anasema. Wengine mnasikiliza."

"Mbona tupu?" akauliza mmoja wetu.

"Ikiwa na mbege haizunguki, inakwama kwa wa kwanza."

Tukafanya mazoezi kwa ugomvi wa kubuni, kuku wa nani kala mchicha wa nani. Kata iliponifikia niliipitisha bila neno. Manka hakunilazimisha.

Jumamosi, baada ya chai, ilikuwa zamu yetu ya kweli. Godi alikuwa ametoka kidogo. Akarudi mkono mmoja mgongoni, akavuka mduara hadi mbele yangu, akapiga magoti. Akautoa mkono. Sale.

Nilimwona Rehema amefumba macho. Lile fundo lilifungwa vibaya, kama kamba ya kiatu, lakini lilikuwa fundo.

"Mama Aika, samahani," akasema.

Kabla sijafungua mdomo, Bibi Ndeshi akatoka jikoni na mwiko.

"Wewe! Hilo umelitoa wapi?"

"Pale, bibi. Kwenye ua."

"Ua? Ua gani? Yesu wangu! Umekata au umeng'oa?"

Godi akaangalia alichoshika. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Halikuwa jani tu, ulikuwa mche mzima, na mizizi inadondosha matope kwenye sketi yangu.

"Limekuja lote, bibi."

"Limekuja! Lina miguu? Inuka. Shika hilo hilo, twende."

Tukaandamana wote. Pale mpakani palikuwa na pengo kama la jino. Bibi akamwita jirani yake, Baba Fredi, akatokea kwenye kahawa na panga mkononi, alikuwa anafyeka.

"Ndeshi, umeanza tena?"

"Sijaanza. Ni mtoto wa mjini."

Manka akatueleza kwa sauti ya chini. Bibi yake na Baba Fredi waligombea mstari ule miaka mingi, hadi wakaacha kuzikana. Sale hilo lilipandwa siku walipopatana, wote wawili wakiwa wamesimama. Kwa hiyo haliwezi kurudishwa mmoja akiwa hayupo.

Godi akachimba kwa mikono. "Sogeza huku kidogo," akasema Baba Fredi. "Usisogeze!" akasema Bibi. Wakapima kwa hatua, wakapima kwa kamba ya ng'ombe, wakakumbushana nani alisimama wapi. Godi kila dakika: samahani bibi, samahani babu. Mwishowe Bibi Ndeshi akamkatiza.

"Samahani utaniambia likishasimama. Sasa hivi chimba."

Neno hilo lilinikaa. Mimi nilikuwa nimeshakaribia kuipokea samahani wakati mguu bado umelala.

Aliling'oa kwa dakika moja. Kulirudisha kulituchukua hadi saa tisa alasiri, wazee wote wawili wakalikanyagia udongo, mmoja upande huu na mwenzake upande ule. Ndipo Bibi akasema, "Haya, sema." Godi akaomba radhi, na safari hii wazee waliitikia.

Tuliporudi uani Manka alinipa kata mimi.

"Mama Aika, kwako wewe ni nini kilichong'oka?"

Nikasema. Nilisema muda mrefu na sitarudia yote, mengine hayaandikiki. Nilisema kilichong'oka si mfupa peke yake. Mtoto wangu sasa akisikia pikipiki anajikojolea. Mimi nikisalimiwa mtaani najiuliza huyu naye anajua nini. Kisha nikampa Godi kata.

"Niligeuka nikamwona," akasema. "Alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkate. Nikajiambia, kama amekaa, basi ni mzima. Nilijua najidanganya. Nikaondoka."

La mkate nilikuwa silijui. Nikaichukua kata.

"Jani silitaki," nikamwambia. "Nataka kesho umwambie mama yako haya haya, na kijiwe chako kikiwa kinasikia. Na Aika mpaka hogo litoke hawezi kutembea. Utambeba wewe. Kila asubuhi chekechea, siku ya kliniki hospitali. Kwa miguu. Pikipiki usiniletee mlangoni."

"Nitambeba."

"Usiseme hapa. Njoo."

Jumapili, baada ya misa, Bibi Ndeshi alikata kipande cha sale kwenye mpaka wake, Baba Fredi akishuhudia, akamkabidhi Godi.

"Sale la kuombea radhi mtu huchuma kwake, lile la jana halikuwa lako. Kapande."

"Bibi, sina kihamba. Sisi tumepanga."

"Ndoo mnayo?"

"Ya rangi, ipo."

"Basi unacho kihamba."

Saa kumi jioni tulikuwa Pasua, nguo zetu zina utomvu wa ndizi. Godi hakuingia ndani kwanza. Aliwaita wenzake wa kijiweni hadi kwenye karai la mama yake, akasema yote, na mkate akausema. Wenzake wakaangalia viatu vyao. Mama yake aliepua karai, akazima moto, samaki nusu mbichi. Usiku ule hakuuza.

Jumatatu, saa moja kasoro, Godi alibisha hodi. Aika, niliyemrudisha usiku kutoka kwa dada yangu, alimwangalia kutoka kitandani.

"Wewe ndiye ulinigonga?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Mbona ulikimbia?"

"Niliogopa."

"Sitaki unibebe."

Godi akachuchumaa pale mlangoni, hakumshika. Nilimaliza kufua, nikaanika, bado amechuchumaa. Aika akaniambia miguu ya yule kaka itauma. Kisha akanyoosha mikono.

Nikawafuata nyuma, pochi kwapani. Kwenye njia panda, kushoto ni polisi, kulia ni chekechea. Godi aliijua njia hiyo kama mimi. Alisimama, akanigeukia, mtoto kifuani, akangoja niseme. Nikasema kulia.

Nilichojifunza ni kidogo. Kusamehe sijajifunza. Nimejifunza kumwambia mtu achimbe kwanza. Karatasi yenye jina lake bado iko kwenye pochi, na siku Aika atakapokimbia nitaichana mwenyewe. Asubuhi moja tu asipokuja, njia ya kushoto naijua.

Hajakosa hata moja. Jana nilipita kwa mama yake kuchukua samaki, nikaiona ile ndoo ya rangi mlangoni. Sale limeshika. Limetoa jani jipya, dogo kama kidole cha Aika, na bado halitoshi kufungwa fundo.